Kolwezi: kila mtu na chai yake, lakini maji na moto hachagui

KOLWEZI – Saa kumi na moja za asubuhi, kabla mabasi ya makampuni ya madini hayajaanza kuokota wafanyakazi kando ya barabara, wamama wanaouza chai wamekwisha kuwasha mbabula zao. Makala yanashika moto polepole, maji yanaanza kuimba ndani ya sufuria, na wateja wa kwanza wamekaa juu ya viti vya plastiki, mikono katikati ya magoti. Ni walinzi waliomaliza zamu ya usiku, wamotari wanaongoja abiria, na krezeri wanaokwenda kutafuta kobalti na shaba, tochi kichwani. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya kiangazi inaposhuka juu ya uwanda huu, hakuna anayehitaji kubembelezwa ili anywe kitu cha moto.

Hapo ndipo tofauti zinapoanza. Mmoja anataka kavu, yaani chai bila maziwa, nyeusi kiasi cha kutoona chini ya kopo. Mwingine anataka maziwa mengi hadi chai ifanane na uji. Wa tatu hanywi bila tangawizi, wa nne anasema tangawizi ni dawa na si chai. Kuhusu sukari, vijiko viwili ni vya mtu mwenye haya. Vitatu au vinne ni kawaida kwa mtu anayejua kwamba hatakula tena mpaka jua lizame. Mama mwenye malewa haulizi sana. Wateja wake wa kila siku anawajua kwa vijiko vyao kama vile mwalimu anavyowajua wanafunzi kwa majina.

Katika nyumba nyingi za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, neno chai lenyewe halimaanishi kinywaji tu. Ni chakula cha asubuhi. Mama anapouliza kama watoto wamekwisha kunywa chai, anataka kujua kama wametia kitu tumboni, hata kama ndani ya kopo mlikuwa na kahawa, Milo au maji ya moto yenye sukari na kipande cha mkate. Kwa hiyo nyumba isiyo na chai si nyumba iliyokosa majani. Ni nyumba ambamo watu wameamka na kutoka hivyo hivyo.

Pengine ndiyo sababu watu wanabishana juu yake kwa moyo wote.

Wanaopika na wanaomimina

Ugomvi wa kwanza ni wa njia. Kuna wanaopika chai na kuna wanaoimimina. Wanaopika wanatia majani ndani ya sufuria pamoja na maji, wanaacha yachemke hadi rangi ikolee, kisha wanachuja. Wengine wanatia na sukari humo humo jikoni. Wanaomimina wanachemsha maji peke yake, wanayamwaga juu ya majani au juu ya kifuko cha karatasi, wanafunika, wanangoja. Wa kwanza wanawaambia wa pili kwamba chai yao ni maji yaliyopakwa rangi. Wa pili wanajibu kwamba chai iliyochemshwa inauma ulimi.

Kuhusu sukari ya jikoni, jambo si ladha peke yake. Katika nyumba yenye watoto sita au saba, mama anayetia sukari ndani ya sufuria anajua ametia kiasi gani. Akiweka bakuli la sukari juu ya meza, haijui tena. Chai inakuwa na utamu mmoja kwa wote, mkubwa na mdogo, na sukari inafika mwisho wa juma.

Maziwa nayo yana kesi yake. Watu waliotoka Kivu, ambao ni wengi katika miji ya madini, wamezoea chai iliyopikwa na maziwa ya ng'ombe, ikichemka pamoja na tangawizi, ile ambayo huko Goma na Bukavu, kama vile kule Rwanda, inaitwa chai ya Kiafrika. Wakifika Kolwezi wanakuta maziwa ya unga. Maziwa mabichi si kitu cha kila pembe ya barabara hapa. Ng'ombe wako mbali, juu ya uwanda wa Biano, na wanafugwa zaidi kwa ajili ya nyama. Basi unga wa maziwa unauzwa sokoni kwa kopo zima, kwa kifuko, au kwa kijiko ndani ya plastiki iliyofungwa fundo. Katika soko la Mwangeji, vifundo hivyo vinapangwa kando ya vifundo vya sukari na vya majani, kila kimoja kikitosha asubuhi moja. Ni namna ya kununua ya mtu anayepata franga leo na asiyejua kesho.

Unga huo una adabu yake. Ukiutupa juu ya chai ya moto sana, unafanya madonge yanayoelea kama bukari iliyoshindwa. Wenye kujua wanaukoroga kwanza na maji baridi kidogo, unakuwa kama rojo, ndipo wanatia chai juu yake polepole. Wenye haraka wanakula madonge, na wako watoto wanaoyapenda kuliko chai yenyewe.

Upande mwingine wako wazee wa Gécamines. Katika mitaa iliyojengwa na kampuni, kama Kapata, Luilu na Musonoi, wapo waliostaafu ambao hawasemi chai, wanasema « thé ». Kwao kinywaji hicho kina kikombe chenye kisahani, kifuko kimoja chenye uzi, kipande cha limau, na saa yake, alasiri. Ni desturi iliyobaki kutoka wakati ambapo mshahara ulikuwa unafika kila mwezi. Kikombe mara nyingi kimepasuka sikio, lakini kisahani kipo.

Limau hilo linafanya jambo ambalo watoto wanapenda kutazama. Tone likiingia, chai nyeusi inageuka kuwa ya rangi ya asali mbele ya macho. Majani ya chai yana rangi zinazobadilika zikikutana na asidi. Ni kemia tu. Tutalirudia limau mbele kidogo, kwa sababu katika maji ya Kolwezi lina kazi nyingine.

Na wapo wasiotaka majani ya dukani kabisa. Kando ya ua wa nyumba nyingi unaota mmea wa sitroneli, ule ambao watu wa pwani wanauita mchaichai. Unakata majani matano au sita, unayakunja, unayatia katika maji yanayochemka, na nyumba nzima inanukia. Waadventista wengi, ambao kanisa lao linawashauri kuachana na kafeini, hunywa huo. Wengine wanakunywa kwa sababu ni wa bure. Haufai kudharauliwa: wiki ambayo franga zimekwisha, sitroneli ndiyo inayolinda jina la chai nyumbani.

Chai ya Wachina, chai ya Wahindi

Tangu mkataba wa Sicomines uliotiwa sahihi mwaka wa 2008, na hasa baada ya kampuni ya CMOC kununua mgodi wa Tenke Fungurume mwaka wa 2016, Lualaba imejaa wafanyakazi kutoka China. Kati ya mambo ambayo Wakongo wanaofanya kazi nao waliyaona kwanza ni ile chupa. Chupa ya kioo au ya chuma, majani mabichi-mabichi yakielea ndani yake, maji ya moto yakiongezwa tena na tena tangu asubuhi hadi jioni juu ya majani yale yale. Bila sukari. Bila maziwa. Kwa mtu aliyelelewa na vijiko vinne vya sukari, ilikuwa kama kumwona mtu akinywa maji ya kuoshea mboga.

Majani ni ya mti ule ule mmoja. Chai nyeusi imeachwa inyauke na kugeuka rangi kwa hewa kabla ya kukaushwa. Chai ya kijani imepashwa moto mapema ili isigeuke. Hiyo ya kijani haipendi maji yanayochemka sana, inakuwa chungu. Inapendelea kama nyuzi 80. Siku hizi wapo vijana wa Fungurume na Kolwezi waliozoea chupa hiyo, ingawa wengine wanaficha kipande cha sukari mfukoni.

Wahindi wenye maduka na viwanda, waliokuwapo Katanga kabla ya Wachina wa leo, wana yao: majani, maziwa, tangawizi, iliki, mdalasini, wakati mwingine pilipili manga, vyote vikichemka pamoja kwa muda mrefu. Mtu wa Goma akiionja anajisikia karibu na nyumbani.

Jambo la kuchekesha ni kwamba Mchina, Mhindi na mama wa Kolwezi wanatumia karibu neno moja. Neno chai lilitoka China, likapita nchi kavu na Uajemi hadi India na pwani ya Waswahili. Neno « thé » la Wafaransa na Wabelgiji lilitoka China pia, lakini kwa bahari, kutoka bandari za kusini ambako watu walitamka « te », likibebwa na meli za Waholanzi. Barabara mbili zilizoachana karne nne zilizopita zimekutana tena katika Kapata, ambako babu anasema « thé » na mjukuu anasema chai. Kenya na Tanzania wamelipa neno hilo kazi nyingine: kumpa askari chai ni kumhonga. Sisi Kongo tunaita jambo hilo madesu ya bana, maharagwe ya watoto, kwa hiyo chai yetu imebaki safi, angalau kwa jina.

Maji yanachemka mapema

Hayo yote ni ya kuchagua. Lakini kuna mambo matatu ambayo mnywaji wa Kolwezi hachagui, na ndiyo yanayoamua kopo lake kuliko kijiko cha sukari.

La kwanza ni mwinuko. Kolwezi iko karibu mita 1,450 juu ya bahari. Hewa ya huku juu ni nyepesi, na maji hayangoji nyuzi 100 ili yachemke. Kwa kila mita 300 hivi za kupanda, kiwango cha kuchemka kinashuka karibu nyuzi moja. Hapa maji yanachemka kwenye nyuzi 95. Unaweza kuongeza makala hadi mbabula iwe nyekundu, maji yatakwisha haraka zaidi, hayatapata moto zaidi. Bukavu na Goma, zilizo karibu na mwinuko huo huo, zina hali hiyo hiyo; Butembo, iliyo juu zaidi, imezidi. Mtu wa Dar es Salaam au wa Matadi hana shida hiyo.

Nyuzi tano zinaonekana kidogo, lakini chai nyeusi inazisikia. Shirika la kimataifa la viwango, ISO, lilitoa mwaka wa 1980 kanuni namba 3103 ya namna ya kutayarisha chai ya kuonjwa: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, dakika 6, chombo kimefunikwa. Haikuandikwa ili watu wafurahi. Iliandikwa ili waonjaji wa nchi mbalimbali walinganishe chai kwa haki. Lakini inaonyesha kitu kimoja, kwamba joto na muda vinakwenda pamoja. Joto likipungua, muda uongezeke.

Kumbe wanaopika chai ndani ya sufuria hawakuwa wajinga. Kuacha majani yachemke dakika kadhaa ni jibu la watu wa milimani kwa maji yasiyofika nyuzi 100, kama vile maharagwe yanavyokaa motoni muda mrefu zaidi huku kuliko pwani. Anayependelea kumimina anaweza kupata chai nzito vilevile, mradi apashe kwanza chombo kwa maji ya moto, amimine mara tu maji yanapochemka, afunike vizuri, na asiwe na haraka kabla ya dakika tano au sita. Kosa la wengi ni kuchukua maji yaliyolala ndani ya termos tangu usiku, yaliyobaki na nyuzi 70 au 80, na kulaumu majani. Maji ya namna hiyo yanamfaa Mchina na chupa yake.

Aina ya majani nayo inasaidia. Sehemu kubwa ya chai ya Afrika Mashariki, tangu Kenya hadi Rwanda na Kivu, inasagwa kwa mashine zinazoponda, kupasua na kukunja jani hadi liwe punje ndogo. Punje hizo zinatoa rangi haraka, na zinavumilia maziwa. Jani zima, linalouzwa ghali ndani ya maboksi mazuri, linataka subira ambayo saa kumi na moja za asubuhi mtu hana.

Makala, umeme, na kopo la pili

La pili ni moto. Lualaba ina mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke juu ya mto unaoipa jimbo jina lake, na nyaya kubwa zinapita juu ya mitaa zikielekea migodini. Chini ya nyaya hizo, familia nyingi zinapika kwa makala. Katika nyumba zilizo na umeme wa SNEL, buluwari inachemsha maji kwa dakika tatu umeme ukiwapo, na usipokuwapo kila mtu anarudi kwenye mbabula.

Makala yanatoka katika misitu ya miombo, ambayo kila mwaka inasogea mbali zaidi na mji, na gunia linabebwa juu ya baiskeli au gari kutoka mbali zaidi. Gunia likipanda bei, chai inabadilika. Mama wa malewa hachemshi sufuria mara tatu asubuhi. Anachemsha mara moja, anajaza termos mbili, na anategemea kifuniko. Nyumbani, majani ya asubuhi yanaachwa ndani ya sufuria na kuongezewa maji jioni. Hilo kopo la pili lina rangi lakini halina nguvu, na wapo wanaolipenda hivyo, hasa wale ambao chai nzito inawafukuzia usingizi. Kwa hiyo unapomsikia mtu akisema anapenda chai nyepesi, huwezi kujua kama ni ulimi wake unaosema au gunia lake la makala.

Kinachoelea juu ya kopo

La tatu ni maji, na hapa mambo yanakuwa mazito.

Wakaaji wengi wanatumia visima na forage, kwa kuwa bomba la Regideso halifiki kila mahali wala kila siku. Mawe yaliyo chini ya mkanda wa shaba, pamoja na yale yanayobeba shaba na kobalti, kwa sehemu kubwa ni dolomia, jiwe lenye chokaa na manyezi. Maji yaliyokaa ndani ya dolomia yanakuwa magumu. Sabuni haitoi povu vizuri, buluwari inashika ukoko mweupe, na juu ya chai iliyopoa kidogo linatokea tabaka jembamba lenye rangi-rangi, linalopasuka kama barafu ukiligusa na kijiko. Wengi wanadhani ni mafuta au uchafu wa kopo, wanamlaumu msichana aliyeosha vyombo. Msichana hana kosa. Ni chokaa ya maji ikishikana na vitu vya chai hewani. Tone la limau linaliondoa, na sukari nyingi pamoja na majani mengi hulipunguza. Maziwa yanaweza kuliongeza. Wazee wa kisahani na limau walikuwa na sababu, hata kama hawakuijua.

Tabaka hilo halimdhuru mtu. Linalodhuru halionekani, na ni la namna mbili.

Namna ya kwanza chai inaishinda. Kolera, ambayo nchi jirani ya maziwa ya Upemba inaijua kwa miaka mingi, haivumilii maji yaliyochemka. Nyuzi 95 zinatosha kabisa kuua vijidudu vyake. Kwa mtu anayefanya kazi shimoni na asiyejua maji ya kunywa yametoka wapi, kopo la chai la asubuhi mara nyingi ndiyo maji salama kuliko yote atakayokunywa siku hiyo. Hilo ni jambo kubwa. Wamama wa chai wanafanya kazi ya afya ya umma bila mshahara wala vazi jeupe.

Namna ya pili chai haiiwezi. Kuchemsha hakuondoi metali. Kobalti, shaba, urani au risasi vikiwa ndani ya maji, vinabaki, na maji yakipungua kwa mvuke vinakolea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wakiongozwa na Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Leuven nchini Ubelgiji, walionyesha mwaka wa 2009 kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi katika mkojo wao. Mwaka wa 2018 walichapisha kazi juu ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako mwaka wa 2014 kobalti ilipatikana chini ya nyumba na watu wakaanza kuchimba ndani ya viwanja vyao. Kobalti katika damu na mkojo wa wakaaji wa huko ilikuwa juu kuliko ya mtaa wa jirani, na watoto walikuwa na nyingi kuliko wakubwa. Vumbi ndilo lililotajwa zaidi kuliko maji. Lakini vumbi linaanguka pia juu ya ndoo isiyofunikwa, juu ya kopo lililoanikwa, na juu ya sufuria ya mama anayeuza chai kando ya barabara ya malori.

Upande wa pili wa mpaka, tarehe 18 Februari 2025, ukuta wa bwawa la maji machafu ya mgodi wa kampuni ya Sino-Metals Leach Zambia ulivunjika karibu na Chambishi, na maji yenye asidi na metali yakaingia mito inayomwagikia Kafue. Kule Kitwe bomba la mji lilifungwa. Watu wenye makala, wenye majani, wenye sukari, hawakuwa na maji ya kuchemsha.

Kuna mambo ambayo nyumba moja inaweza kufanya: kufunika ndoo, kutochota mtoni chini ya kiwanda, kutupa maji yaliyochemkachemka tangu jana badala ya kuyaongezea, kusafisha sufuria ndani. Kupima maji ya forage ni kazi inayomzidi mama wa nyumba. Hiyo ni kazi ya jimbo, ya Regideso na ya makampuni yanayochimba, na matokeo yake yanapaswa kubandikwa mahali ambapo watu wanachota.

Majani yanatoka wapi

Kongo inalima chai. Vilima vya Kivu ya Kusini vina mashamba ya Mbayo na Ngweshe. Kivu ya Kaskazini ina Butuhe karibu na Butembo. Yalipandwa wakati wa Wabelgiji, ambao kituo chao cha utafiti cha Mulungu kilichunguza chai pamoja na kahawa na kwinini. Kisha yakaja mambo ambayo kila mkaaji wa mashariki anayajua kwa moyo: zairianisasyo iliyotangazwa tarehe 30 Novemba 1973, iliyogawa mashamba kwa watu wengi wasiojua kuyaendesha, halafu vita vya mwaka wa 1996 na 1998, halafu vita vya baadaye. Goma na Bukavu zilianguka mikononi mwa M23 mwanzoni mwa mwaka wa 2025.

Hata kabla ya hapo, chai ya Kivu haikuwa ikielekea Kolwezi. Inaelekea mashariki. Sehemu yake inauzwa kwa dola katika mnada wa Mombasa, ule uliohamia huko kutoka Nairobi mwaka wa 1969, pamoja na chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na nyingine. Kutoka Bukavu hadi Kolwezi ni karibu kilomita 1,000 kwa ndege, na kwa barabara ni safari ambayo hakuna mfanyabiashara mwenye akili anayeipigia hesabu. Kawambwa, shamba la chai la Zambia katika jimbo la Luapula, iko kilomita 400 tu.

Basi Kolwezi inakunywa kutoka kusini na mashariki. Tangu reli ilipofika Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mwaka wa 1910 ikitokea Rhodesia, mlango wa bidhaa za Katanga umekuwa upande huo, na leo unaitwa Kasumbalesa. Majani, unga wa maziwa, sukari, hata boksi za rooibos nyekundu za Afrika Kusini ambazo wagonjwa wa kisukari na wasiopenda kafeini wanaziulizia, vyote vinaingia juu ya malori yale yale yanayorudi na shaba. Mpaka ukifungwa siku tatu, au malori yakipanga foleni ndefu, kifundo cha sukari kinapungua ukubwa sokoni bila bei kubadilika. Mtu wa Kivu anayeishi Kolwezi, mwenye kwao kuna mashamba ya chai yanayoonekana mlangoni, ananunua chai ya nchi nyingine kwa franga zinazofuata dola. Wapo wanaoleta kilo moja au mbili ndani ya sanduku wakisafiri, wakaitunza kama dawa, na kuipika siku ya wageni tu.

Kuhusu wageni, na kuhusu watoto, waganga na wauguzi wana neno ambalo halifurahishi. Chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia mwili kuchukua chuma iliyo katika maharagwe, sombe na mboga nyingine. Katika majaribio, zaidi ya nusu ya chuma hiyo inapotea. Kwa mama mjamzito na mtoto mdogo anayekula nyama mara chache, hiyo ni hasara ya damu. Kuacha saa moja kati ya bukari na chai kunasaidia. Kopo la moto sana nalo si la kusifiwa: wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza mwaka wa 2016 kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Mtu anayejivuna kwamba anakunywa chai ikiwa bado inachemka, na wako katika kila malewa, hana budi kusikia.

Saa mbili, jua likiwa limepanda na mabasi yamekwisha kupita, wateja wanabaki wawili watatu. Mama anainamisha termos ya mwisho, anaitikisa ili asikie kilichobaki, anamjazia mtu wa mwisho nusu kopo na kumwambia nusu hiyo halipi. Anachukua maji yaliyobaki ndani ya ndoo kusuuza vikombe, anazima makala makubwa kwa mchanga ili yafae kesho. Majani yaliyochoka anayamwaga chini ya shina la sitroneli nyuma ya kibanda chake, ambalo limeota kubwa kuliko yote ya mtaa.